Nakuru ni jiji; mwenyeji wake ni nani?

TAREHE 1 Desemba 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliukabidhi mji wa Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mnamo Agosti 2024 Eldoret nao ulipandishwa hadhi ukawa jiji la tano, na hivyo Bonde la Ufa, lililosifika tangu enzi za mkoloni kwa ngano na ng'ombe wa maziwa, likawa na majiji mawili. Hotuba zilitolewa, ngoma zikachezwa, na mawakala wa viwanja wakaandika upya matangazo yao.

Sina nia ya kuwaharibia watu wa Nakuru furaha yao, maana nami ni mmoja wao. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilidai jiji liwe na watu wasiopungua 500,000. Marekebisho ya 2019 yakapunguza idadi hiyo hadi 250,000. Sensa ya mwaka huo huo wa 2019 ilihesabu watu 570,674 katika Nakuru, kwa hivyo hata kipimo cha kwanza tungalikivuka pasipo kuhurumiwa na mtu. Sheria hiyo hudai pia mpango wa ujenzi, maji, mifereji ya majitaka na uwezo wa kukusanya mapato. Hayo yote yaweza kupimwa, na wapimaji walipima.

Lakini mimi ni mtu wa isimu, na kazi ya mtu wa isimu ni kusumbuliwa na maneno ambayo wengine huyapita njiani bila kuyasalimu. Neno "jiji" si jingine ila "mji" ule ule uliovuliwa kiambishi chake na kuvishwa kile cha ukubwa. Katika mzizi huo huo wa -ji limo neno jingine ambalo hotuba za siku ile hazikulitafakari, nalo ni "mwenyeji". Lichambue, msomaji, nawe utaona: mwenye mji. Leo twalitumia kwa maana ya mzawa wa mahali au mtu anayempokea mgeni, lakini chimbuko lake ni umiliki. Mwenyeji ni yule ambaye mji ni wake. Ikiwa Nakuru imekuwa jiji, basi ni haki kuuliza jiji hilo lina wenyewe au lina wapangaji watupu.

Swali hili nililibeba likizo iliyopita nilipokwenda Unguja kumtembelea sahibu yangu wa tangu shule ya upili, ambaye sasa anaishi Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Nilisafiri kwa basi kupitia Namanga, Arusha na Dar es Salaam, kisha nikapanda boti. Kitambulisho changu cha taifa kingeweza kunifikisha Kampala au Kigali bila pasipoti, kwa mapatano yaliyoanza kutumika mwaka 2014 baina ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Hivyo pasipoti yangu ilikaguliwa Namanga, ikakaguliwa tena bandarini Unguja. Kwa mujibu wa afisa wa uhamiaji nilikuwa mgeni mara mbili. Nami nilikuwa nikijibu maswali yake kwa lugha iliyotoka pale pale aliposimama! Kwani ni Kiunguja kilichoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki (na watu wa Mombasa wana maneno yao kuhusu uteuzi huo, ambayo leo nayaacha), na ndicho tulichofundishwa katika madarasa ya mabati huku Bonde la Ufa.

Wakenya tunapomsikia mtu akisema anakwenda ng'ambo, tunafikiria Ulaya au Marekani na mikoba mizito ya safari. Kwa mkazi wa Mji Mkongwe, Ng'ambo ni mtaa ulio upande wa pili wa Darajani. Unakwenda kwa miguu kununua mbatata na kurudi. Hapo palikuwa na mkono wa bahari, na juu yake daraja. Mkono ule ulifukiwa katika karne ya ishirini na daraja likatoweka, lakini watu wanaendelea kusema Darajani na Ng'ambo. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Naomba msomaji auhifadhi mwaka huo, kwa maana tutauhitaji tutakaporudi nyumbani.

Jioni ya kwanza sahibu yangu alinipeleka kuketi barazani. Hapa tena neno lanisumbua. Kwetu Nakuru, baraza ni mkutano unaoitishwa na chifu, nawe huhudhuria ili usije ukaulizwa kwa nini hukuhudhuria. Kule, baraza ni benchi la mawe lililojengwa sambamba na ukuta wa nyumba, mtu hukaa akanywa kahawa chungu, akacheza bao, akasema la moyoni. Mzee mmoja aliniuliza: "Umetokea wapi, mwanangu?" Nikamjibu: "Shikamoo, mzee. Nimetoka Nakuru." Akaitikia: "Marahaba. Nakuru ya Kenya! Basi kaa, unywe kahawa."

Msomaji wa Nakuru atalielewa jambo lililonishtua. Jibu langu lilitosha! Nyumbani, ukiulizwa kwenu ni wapi ukasema ni Nakuru, anayekuuliza hucheka kidogo na kurudia: "Ndiyo, lakini kwenu kabisa?" Hapo ndipo unapotakiwa kutaja Murang'a, Siaya, Kericho, Bungoma au Machakos, hata kama hujawahi kulala huko usiku mmoja. Sikiliza pia matangazo ya vifo redioni. Mtu aliyeishi Bondeni miaka sitini, akazaa hapo, akajenga, akalipa kodi, siku ya mwisho hutangazwa kwamba mwili wake utasafirishwa "nyumbani" kwa mazishi. Sahibu yangu aliwahi kuniandikia kwamba mama mkwe wake alizikwa Mwanakwerekwe siku ile ile aliyofariki. Nao walikuwa wamehamia Unguja kutoka Pemba.

Sasa nieleze ni kwa nini mtu huyu yuko Kiponda. Alizaliwa Njoro. Baba yake alinunua ekari tatu kupitia chama cha kununua mashamba mwaka 1974, akalima mahindi na viazi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kwa mzaha, kumwonya mgeni asiyetaka kuondoka, lakini ndani yake mna falsafa nzito ya uraia. Inatueleza kwamba ugeni una mwisho, na kwamba anayeshika jembe amekwisha kuvuka mpaka. Mzee yule alilishika jembe miaka ishirini na minne. Mnamo Januari 1998, majuma machache baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, ghasia zilizuka Njoro na Laikipia. Nyumba yao iliteketezwa, ng'ombe wakachukuliwa, nao wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Kijana huyu hakuwa amewahi kuwa na kwao pengine. Familia ilikaa miezi kadhaa katika uwanja wa kanisa mjini Nakuru, kisha ikatawanyika. Yeye alikwenda Dar es Salaam, akasoma ualimu, akapata kazi Unguja, akaoa, akabaki.

Aliniambia jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu niliporudi. Njoro, alisema, watu walimjua kwa kabila lake. Kiponda wanamwita "Mwalimu", na wakitaka kumtambulisha kwa mgeni husema ni Mkenya. "Nililazimika kuvuka bahari," alisema, "ndipo niwe Mkenya."

Hata hivyo, ningekuwa mchambuzi dhaifu lau ningeusifu mji wa watu kana kwamba ni pepo. Yule mzee wa barazani hakunihoji zaidi kwa sababu tofauti za Wakenya hazimhusu. Zinazomhusu huzitambua kwa sentensi moja tu: masikio yake humwambia huyu ni Mpemba, huyu wa Makunduchi, huyu Mtumbatu, na yule amekuja kutoka bara. Isitoshe, mji ule nao umewahi kuulizana swali letu kwa panga na bunduki. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 maelfu waliuawa au wakakimbia kwa sababu walihesabiwa kuwa si wenyeji, ijapokuwa wengi wao walizaliwa humo na hawakujua kwao kwingine. Nyumba zao zilitaifishwa, wakaingizwa watu wengine kutoka mashamba na Pemba. Huko Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mgeni huonyeshwa sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni. Ni kumbukumbu inayoumiza na inayostahili. Lakini katika siku zangu sita sikuonyeshwa na mwongozaji yeyote mahali pa kuwakumbuka waliokufa 1964. Miji, kama watu, huona wepesi kuungama makosa ya mababu kuliko ya wazazi.

Hivi leo Mji Mkongwe una tishio la aina nyingine. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo kila mwenye fedha anatamani ukuta wenye historia. Mambo Msiige, jumba la karne ya kumi na tisa huko Shangani, sasa ni sehemu ya hoteli kubwa. (Kama kuna jina lililopaswa kuwaonya wapangaji wa mji, ni hilo!) Sahibu yangu alinihesabia nyumba za kichochoro chake: tano zimekuwa nyumba za wageni, na waliokuwa wakiishi humo wamehamia Ng'ambo na kwingineko ambako kodi inalipika. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiponda mgeni amekuja, naye mwenyeji amefungasha. Wakati huo huo yale majengo ambayo hayakuweza kugeuzwa hoteli yaliteseka: Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kunusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, ilianguka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 ilipokuwa ikikarabatiwa, ikaua watu wawili.

Kwa hivyo sikurudi Nakuru na kielelezo cha kuigwa. Nilirudi na hakika moja, kwamba mji unaweza kuwapoteza wenyeji wake kwa njia mbili, kwa kuwafukuza au kwa kuwapandishia kodi, na kwamba majengo hayatoi sauti katika hali zote mbili.

Turejee sasa kwenye mwaka 1904. Mwaka ule ule Unguja ilipojengewa soko la Darajani, serikali ya kikoloni iliifanya Nakuru kuwa mji rasmi mdogo, kando ya reli iliyokuwa imepita hapo miaka michache kabla. Na mwaka ule ule wa 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa katika Bonde la Ufa la kati, pande za Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia na kusini mwa reli. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa Laikipia pia. Ndiyo kusema, msomaji, kwamba Nakuru kama mji ilizaliwa siku zile zile mwenyeji alipokuwa akifungishwa virago. Waliokuja baadaye, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakamba, Wakisii, Wahindi, walikuja kujenga reli, kufua nguo, kulima mashamba ya walowezi na kuuza sukari. Hakuna aliyekuja kama mwenye mji. Walowezi wenyewe, waliojiona wenye mji, waliondoka na kutuachia majina ya mashamba.

Lugha, lakini, ina kumbukumbu kuliko serikali. Jina Nakuru ni la Kimaasai, na maana yake yahusiana na vumbi. Wamaasai walihamishwa, jina likabaki. Kisha wakaja wafanyakazi wa mji, nao mtaa wao mmoja ukaitwa Kivumbini! Sijui kama aliyeutia mtaa huo jina alijua kwamba alikuwa akitafsiri jina la mji mzima kwa Kiswahili. Nadhani hakujua, vumbi lilimwambia yeye lile lile lililomwambia Mmaasai. Nenda pia Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho nje kidogo ya jiji, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akafukua makazi na makaburi ya watu wa kale. Humo utakuta miamba iliyochongwa mashimo ya kuchezea bao. Waliochonga hawakutuachia majina yao, ila mchezo wao ndio ule ule niliouona ukichezwa barazani Kiponda. Wanafunzi wangu wengi hupita barabara ya Nairobi kila muhula, na ni wachache mno waliowahi kupinda kona kwenda kukiona kilima hicho.

Nayataja haya kwa sababu hoja ya wenyeji wa asili si ya kupuuzwa, na wala haifutwi na machozi ya sahibu yangu. Njoro hiyo hiyo ina Waogiek wa Nessuit. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na watambuliwe haki ya ardhi ya mababu zao. Mtu anayetaka haki kwa aliyefukuzwa 1998 lazima aitake pia kwa aliyefukuzwa kabla yake. Makosa huanza pale tunapodhani uenyeji ni kiti kimoja, kwamba mmoja akikalia sharti mwingine aangushwe.

Wanasiasa wetu wamekitumia sana kiti hicho. Katika miaka ya tisini waliokuwa si wa kabila la mahali waliitwa "madoadoa", yaani uchafu unaopaswa kufutwa. Neno hilo lilitangulia moto: 1992 huko Molo, 1998 Njoro, na Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka, safari hiyo waliofukuza na waliofukuzwa wakibadilishana nafasi toka mtaa hadi mtaa. Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki yasiyofaa kutumiwa katika kampeni. Humo mlikuwa na madoadoa, kwekwe, wabara na wakuja. Ilikuwa hatua njema. Lakini tazama neno la mwisho: wakuja, waliokuja. Halina tusi lolote ndani yake. Ni kitenzi kisicho na hatia, na kila familia ya Nakuru yaweza kukitumia juu yake yenyewe. Sumu haimo katika neno, imo katika swali linalolizaa, na swali hilo halikuwekwa katika orodha yoyote kwa kuwa huulizwa kwa tabasamu, ofisini na kwenye matatu: "Kwenu kabisa ni wapi?"

Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Sheria ya majiji nayo inampa mkazi haki ya kushiriki katika mambo ya jiji lake. Maneno ya sheria ni "kuishi" na "mkazi". Ni maneno mazuri ila ni ya mpangaji. Mkazi ni mtu anayekaa. Mwenyeji ni mtu ambaye mahali hapo pasingekuwa jinsi palivyo bila yeye. Uenyeji hautolewi na bunge.

Wapo mambo ambayo serikali ya kaunti yaweza kuyafanya, nayo hayahitaji mkopo. Novemba 2021, majuma machache kabla ya ile hati, UNESCO iliiingiza Nakuru katika mtandao wa miji bunifu kwa ajili ya ufundi wa mikono na sanaa za kienyeji. Basi sanaa hizo na zifundishwe zikiwa mali ya jiji badala ya kugawanywa kikabila jukwaani kila sherehe. Majina ya mitaa yaandikwe pamoja na asili zake, ya Kimaasai kwanza. Watoto wapelekwe Hyrax Hill. Na fomu za kaunti za basari na ajira, zinazomtaka kijana wa Kaptembwo ataje kwao, zikubali jibu lile lile lililokubaliwa barazani Kiponda. Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 2027, na wakati wa kuyasema haya ni kabla ya magari ya kampeni kuanza kupaza sauti.

Mwaka 2022 sahibu yangu alivuka kwa boti hadi Dar es Salaam kupiga kura katika kituo cha Wakenya waishio Tanzania. Alipewa karatasi moja tu, ya urais, maana walio nje hawana kura nyingine. Kitambulisho chake cha zamani bado anacho, na nyuma yake pameandikwa wilaya ya Nakuru, lokesheni ya Njoro. Usiku wa kuamkia safari yangu aliniuliza ni akina nani wanaotajwa kuwania ugavana wa Nakuru. Nilimtajia. Akataka kujua kila mmoja wao amesema nini kuhusu watu wa Njoro, waliofukuzwa zamani na waliofukuzwa juzi. Nilimjibu kwamba nilikuwa bado sijasikia.